Eti mimi ni "Meneja wa TEHAMA", kwa hiyo silipwi ovataimu. Namsimamia nani, ruta?

Wakuu, nimekasirika na sitaki kupoa kabla sijamaliza kuandika.

Nipo kwenye kampuni ya kusambaza vipuri vya magari hapa Dar. Ofisi moja, ghala, na maduka mawili. Idara ya IT ni mimi. Nikienda chooni, idara imefungwa. Sasa nimepeleka tena fomu ya saa za ziada, imerudi kutoka HR imeandikwa kwa kalamu nyekundu: "Mameneja hawalipwi ovataimu."

Cheo chenyewe nilipewa badala ya nyongeza ya mshahara. Nilishangilia kweli, nikapiga na picha ya kitambulisho kipya nikamtumia mama. Kumbe nilikuwa nafungwa kamba.

Nimekaa nikaisoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 mwenyewe. Wanaotolewa kwenye masharti ya saa za kazi, kifungu cha 17, ni wale wanaosimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na wanaoripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Mimi sina hata mtu wa kumtuma maji. Kwa hiyo naangukia walipo wenzangu wa kawaida: saa 45 kwa wiki, saa 9 kwa siku, na ziada iwe kwa makubaliano, isizidi saa 50 katika kila wiki nne, ikilipwa mara moja na nusu ya saa ya kawaida. Nikampelekea dada wa HR kifungu kimechapishwa. Akaniambia, "Kaka, wewe usiwe mjuaji, kwenye mfumo umeandikwa meneja." Mfumo niliouweka mimi! Niliyeandika hapo "meneja" kwa maelekezo yake ni mimi!

Na hizo saa za ziada siyo za kukaa nikichati. Seva, ile kompyuta kuu ya kampuni, siruhusiwi kuigusa mchana kwa sababu maduka yanauza, kwa hiyo kila sasisho ni usiku. Kuhamisha kebo ni Jumamosi jioni. Kuhesabu mzigo ni Jumapili, na mtu wa IT lazima awepo "just in case", anavyopenda kusema bosi. Ile Jumapili ya 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na mtandao ukayumba nchi nzima, nilipigiwa simu kama vile mimi ndiye niliyezama na mkasi. Bosi anauliza, "Utamaliza saa ngapi?"

Mashine ya EFD ya dukani, ile ya risiti za kodi, ikigoma, naitwa mimi. Nimeeleza mpaka koo limekauka kwamba ile ina lakiri, na anayeruhusiwa kuifungua ni fundi wa wakala aliyeidhinishwa na TRA, Mamlaka ya Mapato. Hapana, "wewe si ndiye kompyuta?" Kamera za geti, mimi. Betri ya UPS, mimi. Televisheni ya nyumbani kwa bosi imekataa kuonyesha mpira, mimi tena, kwa nauli yangu, na nikifika nakuta king'amuzi hakijalipiwa.

Likizo sasa. Sheria hiyo hiyo inanipa siku 28. Yangu ya mwisho nilikwenda nayo Tukuyu nikiwa na laptopu begani. Siku ya pili tu, simu: kampuni nzima imesimama. Nikapanda mlimani nyuma ya migomba ya babu kutafuta mtandao, nimeshikilia simu juu, mvua inanyesha, namwelekeza dada wa akaunti kitufe kwa kitufe. Baada ya muda mrefu sana wa "kuna taa?", "taa ipi?", "ya kijani", "hamna ya kijani", ndipo akaniambia kuna chaja imechomekwa pale kwenye soketi. Mlinzi wa usiku alichomoa seva ili achaji simu yake. Niliporudi, siku hiyo ilihesabika likizo. Mlinzi hakuulizwa. Mimi niliulizwa kwa nini sikuweka utaratibu.

Utaratibu! Niliomba chumba cha seva chenye kufuli, nikaambiwa tuvumilie. Niliomba diski ya pili ili bakapu, yaani nakala ya akiba ya data, isikae mezani pamoja na seva yenyewe, maana moto au mwizi akija anachukua vyote viwili. Tuvumilie. Mashine nyingi bado ni Windows 10, na Microsoft waliacha kuihudumia 14 Oktoba 2025. Mwaka wa kwanza wa masasisho ya ziada kwa makampuni ni dola 61 kwa kila mashine. Nikampa bosi hesabu, akauliza, "Kwani haziwaki?" Zinawaka mzee. Hata zile zilizoliwa na kirusi cha WannaCry mwaka 2017 zilikuwa zinawaka, na dawa yake Microsoft walikuwa wameshaitoa miezi miwili kabla. Siku ikitokea kwetu, meneja atatafutwa. Hapo cheo kitakumbukwa vizuri sana.

Niliomba hata kijana mmoja wa fildi kutoka chuoni, ambaye angefanya kwa posho ya nauli tu. Jibu: "Unataka msaidizi, na kazi yenyewe ni kubonyeza bonyeza?"

Wakuu mliopitia haya, nina swali moja. Najua madai yasiyohusu kuachishwa kazi yanatakiwa yafikishwe CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 60 tangu mgogoro utokee, na hiyo fomu yenye kalamu nyekundu ina tarehe. Kuna aliyewahi kudai ovataimu CMA huku bado yupo kazini? Alikwenda na ushahidi gani? Mimi nina meseji za WhatsApp za saa nane usiku na kumbukumbu za seva zinazoonyesha nimeingia na kutoka muda gani. Vinatosha, au watasema seva naishika mwenyewe kwa hiyo nimejiandikia?

Wale wa "acha kazi ujiajiri", nyuzi zenu zipo nyingi humu. Hapa naomba mpite.