Waliowahi kutembezwa Cusco, Peru: tupeane uzoefu

Wakuu, heshima kwenu. Nimerudi kutoka Cusco, mji mkuu wa Wainka kabla Wahispania hawajauingia mwaka 1533. Waliofika huko tusimuliane, naanza mimi.

Qorikancha lilikuwa hekalu la Jua, kuta zake zimevikwa dhahabu. Wahispania waliibandua yote, kisha juu ya kuta hizo hizo wakajenga kanisa na makao ya watawa wa Santo Domingo. Mwaka 1950 tetemeko likabomoa sehemu kubwa ya majengo ya watawa, kuta za Wainka zikabaki wima. Hayo nilikuwa nimeyasoma. Lakini mwongoza watalii wetu, mama mmoja Mquechua (wenyeji wa milima ya huko), alinishika mkono akauweka pale mawe mawili yanapokutana, akaniambia nitafute upenyo. Nikapitisha ukucha, hauingii. Hakuna chokaa, hakuna udongo! Mimi nimekulia Kilwa kwenye magofu ya matumbawe na chokaa, nilishindwa kubanduka pale. Akatuonyesha ukuta unavyoinamia ndani kidogo, na milango iliyo mipana chini, myembamba juu. Ndiyo maana tetemeko likija haviangukii watu.

Mchangiaji wa 2: Wanaojiandaa wanisikilize. Mji uko kama mita 3,400, juu kuliko Mandara, chini kidogo ya Horombo, vile vituo vya kulala wapanda Kilimanjaro. Tofauti ni kwamba Horombo unafika kwa miguu siku ya pili, Cusco ndege inakutoa Lima pwani na kukutua huko huko juu. Mimi nilitua asubuhi, mchana nikaunga msafara. Kufika Sacsayhuamán, ngome ya Wainka juu ya mji, kichwa kikaanza kugonga, pumzi hakuna, nikakaa chini na kikombe cha chai ya koka wenzangu wakienda kugusa yale mawe, mengine yanapita tani 100. Inaniuma mpaka leo. Laleni kwanza, ziara kesho yake.

Mchangiaji wa 3: Kwangu ni kanisa kuu. Kuna Karamu ya Mwisho ya Marcos Zapata, mchoraji wa huko huko, karne ya 18. Katikati ya meza, kwenye sahani, simbilisi kalala chali, miguu juu! Sisi wa Njombe tumewafuga jikoni tangu utotoni. Nilitokwa na machozi, sioni haya kusema.

Mchangiaji wa 4: Mlibahatika. Mwongoza watalii wetu alitukimbiza: jiwe la pembe 12 mtaa wa Hatun Rumiyoc dakika mbili, duka la sweta za alpaka saa nzima. Plaza de Armas, uwanja mkuu wa mji, tulinunua mahindi ya kuchemsha na jibini, tukala tumesimama, hakusema neno. Nyumbani ndipo nikasoma kwamba kwenye uwanja ule, mwaka 1781, Túpac Amaru II aliyeongoza uasi dhidi ya Wahispania aliuawa, baada ya kulazimishwa kutazama mkewe na mwanawe wakiuawa. Ningejua, yale mahindi ningeyaweka chini.