Nimekatwa vidole kiwandani, naombeni ushauri kuhusu fidia ya WCF (Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi)

Mtoto wa Mbagala (mleta mada)
Habari za muda huu wakuu. Nipo kiwanda cha plastiki hapa Dar, upande wa kusaga chakavu. Nikiwa zamu ya usiku mashine ilinikata vidole viwili vya mkono wa kushoto. Matibabu kampuni ililipa. Mwaka haujatimia tangu ajali. Nasikia WCF wanalipa fidia. Je, naweza kwenda mwenyewe bila kumpitia mwajiri? Matusi naomba yakae pembeni, hali yangu si nzuri, hata usingizi sipati.

Mama Wawili
Pole sana mdogo wangu. Mungu akufanyie wepesi.

Nyundo ya Jioni
Pole mkuu. Kwanza usiwaogope, mchango wa WCF anatoa mwajiri, asilimia 0.5 ya mishahara, wewe hukatwi hata senti. Ajali ikitokea yeye ndiye anatakiwa kutoa taarifa, na ana siku 7. Akikaa kimya toa wewe, ila usiache miezi 12 ipite. Daktari atapima ulemavu kwa asilimia: usiozidi 30 unalipwa kwa mkupuo mmoja, ukivuka 30 ni pensheni ya kila mwezi. Na kile kipindi ulichokuwa nyumbani hujiwezi kina asilimia 70 ya mshahara. Sasa umekwama wapi?

Mtoto wa Mbagala
Asante mkuu. Mwajiri anazungusha zungusha tu.

Baba Kulthum
Nyie vijana mna bahati. Mzee wangu alikuwa korona kule Korogwe. Si ugonjwa, ni ile mashine ya kusaga mkonge. Ikamla kiganja chote. Unajua alilipwa nini? Kabuti. Wakamhamishia getini awe mlinzi, usiku tochi anaibana kwapani ili mkono uliobaki ushike rungu. Kalinda hivyo hivyo mpaka anastaafu, na kwa huo mkono mmoja alikuwa anatuchapa vizuri tu.

Kijiko cha Mbao
Hahaha mzee, pole lakini.

Nyundo ya Jioni
Mleta mada, "anazungusha" ndio nini? Taarifa alitoa au hakutoa? Mkataba unao?

Mtoto wa Mbagala
Mkataba upo. Taarifa alitoa.

Nyundo ya Jioni
Basi hakuna anayekuzungusha. Sema ukweli, hapa hatujuani.

Mtoto wa Mbagala
Sawa. Shida ni majina. Niliajiriwa kwa cheti cha kidato cha nne cha kaka yangu. Mkataba, NSSF, akaunti ya mshahara, vyote ni jina lake. Mimi nina kadi ya benki na namba ya siri tu. NIDA yangu ina jina langu halisi, kwa hiyo kwenye madai havitalingana. Nimeshaongea na kaka, atajaza na kusaini yeye, hela ikitoka tunagawana nusu kwa nusu. Na kabla hamjanirukia: kazi nimefanya mimi, damu imemwagika yangu. Sijamuibia mtu.

Kijiko cha Mbao
Ngoja kwanza. Kaka ana vidole vingapi?

Mtoto wa Mbagala
Kumi.

Kijiko cha Mbao
Mnunulie glavu.

Mwalimu Mstaafu
Haya ndiyo yaliyofanya mwaka 2017 serikali ifagie watumishi wenye vyeti feki. Taifa haliwezi kwenda mbele kwa ujanja ujanja.

Mtoto wa Mbagala
Mwalimu, cheti si feki. Ni halali kabisa, ila si changu.

Dada Zuu
😂😂 Nimekaa pale.

Mpiga Chabo
Wakuu, mnapewa chai na nyie mnashusha na chapati. Nimefukua nyuzi zake za nyuma. Kuna moja anaomba ushauri wa mirathi, anasema kwao kazaliwa peke yake. Leo kaka katoka wapi?

Dada Zuu
Eeh! Mleta mada njoo ujibu.

Mtoto wa Mbagala
Kwa mama yangu niko peke yangu. Huyu ni mtoto wa baba mkubwa, tumelelewa nyumba moja. Ulitaka nimuite nani?

Mpiga Chabo
Picha ya mkono basi.

Mtoto wa Mbagala
Ili supavaiza wangu aniumbue humu? Thubutu.

Mama Wawili
Muacheni jamani. Kama ni chai tutainywa, kama ni kweli mtu kaumia.

Nyundo ya Jioni
Iwe chai iwe kweli, najibu kwa sababu wapo wengi wa hivi viwandani. Kaka akisaini, kwenye kumbukumbu mlemavu ni yeye. Siku wakimuita kupimwa, daktari atapima nini? Hapo ni udanganyifu na mtashikwa wote wawili. Mpaka sasa kosa lako ni jina la kwenye mkataba, usiliongezee la pili. Watafute watoa msaada wa kisheria, hawatozi hela, uwaeleze yote kabla fomu haijagusa meza ya mtu.

Mtoto wa Mbagala
Nikisema ukweli nafukuzwa kazi. Kaka yeye ni bodaboda, haombi ajira popote, hata akiandikwa mlemavu hapungukiwi kitu. Na fomu ameshaichukua, iko kwake.

Kijiko cha Mbao
Bodaboda mwenye mkono wa karatasi. Mnipe namba yake nisije nikampanda.

Dada Zuu
Kwani lazima WCF? Halmashauri kuna mikopo ya asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, wanawake 4, vijana 4, wenye ulemavu 2, na haina riba. Walisimamisha 2023 ikarudi. Anza kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako.

Mtoto wa Mbagala
Mkopo unarudishwa dada. Mimi nadai changu.

Simba wa Mabibo
Dada Zuu, mimi natembelea magongo, hiyo ya asilimia 2 nimeisikia muda mrefu. Lazima niwe na kikundi au naweza kwenda peke yangu?

Dada Zuu
Njoo inbox kaka, nikuunganishe na wenzako wa hukohuko Mabibo.