Maharage yenye jeni za kinga: hiyo ni GMO au siyo? Tujadili

Wakuu habari zenu. Juzi kwenye kikao cha wakulima mzee mmoja alisimama akasema mbegu yoyote ya maharage "iliyoguswa jeni" isikanyage Tanzania, watu wakapiga makofi, mimi nikaumia maana tunachanganya mambo mawili: GMO, yaani mmea uliobadilishwa jeni maabara, na mbegu iliyopatikana kwa uchavushaji wa kawaida.

Chukua ule ugonjwa wa bakteria wa madoa yenye duara la njano. Bakteria akishaingia kwenye jani anadunga seli kama kwa sindano, anapenyeza protini zake ili kinga ya mmea ilale. Sasa mmea wenye jeni ya kuitambua ile protini, seli iliyodungwa inajiua fasta na jirani zake, bakteria anakwama palepale. Usio nayo ndo unaisha, na wewe unapuliza dawa za ukungu ambazo nyingi bakteria wala hazimgusi.

Hizo jeni ni za maharage yenyewe, hakuna aliyezipandikiza! Mtafiti akichavusha mmea wenye kinga na aina ya maharage ya Lyamungo 90 halafu akapima DNA ya miche kuchagua iliyorithi, hiyo siyo GMO. Serikali ilivyosimamisha majaribio ya GMO Januari 2021 haikuzuia uchavushaji, na Kenya iliyoondoa katazo la GMO Oktoba 2022 wanabishania kitu kingine kabisa.

Mdau hapo chini kauliza: "bakteria si naye anabadilika, leo jeni kesho imeshindwa?" Swali zuri sana mkuu, na hapo ndo nalaumu wanaouza mbegu kwa kusifia jeni moja. Aina 9 za huyu bakteria zilishatambuliwa, na ile ya 6 haina zile protini ambazo jeni kubwa za kinga zinazojulikana huzishtukia, kwa hiyo inapita tu kama mwenye nyumba. Lazima jeni kadhaa ziwekwe kwenye mmea mmoja pamoja na zile za kinga ya polepole (zinazopunguza makali ya ugonjwa bila kuuzuia kabisa), na bila kupima DNA kazi hiyo inakula miaka mingi mno.

Halafu ugonjwa wenyewe unasafiri ndani ya mbegu. Ukitunza mbegu ya shamba lililougua unaupanda tena kwa mkono wako, ndo maana mimi natetea mbegu ya daraja la kuazimiwa ubora (ile wakulima huizalisha wenyewe na ikakaguliwa) izalishwe kijijini kwa bei ya mkulima.

Anayepinga aniambie, ni kipi hasa anachokipinga hapo: kupima DNA, au bei ya mbegu?