Niuze au nisiuze picha ya mbwa wangu aliyepotea?

brashi_moja:
Wakuu habari zenu, naombeni ushauri, na wale wa kunicheka chekeni kwanza mmalize. Mimi nachora tingatinga, zile picha za wanyama za rangi kali, hapa Dar mwaka wa 11 sasa, na nilikuwa na mbwa anaitwa Popi, koko tu wa mtaani, mweupe ana kahawia mgongoni, sikio la kushoto limekatika nusu. Mkesha wa mwaka mpya fataki zilivyoanza akaruka ukuta, nimezunguka Msasani mpaka Kawe wiki nzima, hola. Tangu hapo brashi ikanishinda, miezi miwili nachora oda za watu basi, chui twiga chui twiga, moyo haupo kabisa.

Juzi usingizi umekata nikachukua kipande cha silingi bodi nikapaka msingi wa njano, kulivyokucha kimekauka nikamchora Popi mwenyewe, na madoa nikamwekea kama chui maana mkono umeshazoea. Aisee nilivyofika kwenye lile sikio nikajikuta nacheka peke yangu bandani, chai imepoa hata sikumbuki kama niliagiza. Raha ile sijaipata toka najifunza kushika brashi. Sasa jana kaja mzungu kaipenda hiyo hiyo, bei aliyotaja inalipa kodi ya banda miezi mitatu. Niuze?

chalii_wa_ngarenaro:
Miezi mitatu ya kodi kwa mbwa koko na bado unauliza?? Uza mzee, Popi mwenyewe angekwambia uza tule mifupa 😂

Mama Zai:
Pole mwanangu. Kwetu mbwa haingii ndani, ila marehemu baba alikuwa na wake wa shamba, nguruwe walikuwa hawasogelei mihogo. Alivyokufa yule mbwa baba alikaa siku mbili chakula anakirudisha, anasema tumbo, na sisi wote tunajua si tumbo. Usiharakishe kuuza.

mtu_wa_rangi:
Mkuu kuna mchoraji wa Louisiana huko Marekani, George Rodrigue, alikuwa na kijibwa cheusi na cheupe kinaitwa Tiffany, kikafa. Mwaka 1984 anachora picha za hadithi za kutisha za kwao, kuna mnyama wanamwita loup-garou, yaani mtu anayegeuka mbwa mwitu usiku, akatafuta picha za zamani za Tiffany ndo ikawa umbo la huyo mnyama, na kwa vile ni usiku wa mbalamwezi akampaka kibluu. Watu wakampenda huyo mbwa wa bluu kuliko vyote alivyowahi kuchora, akaendelea kumchora miaka na miaka mpaka kufariki 2013. Kwa hiyo kumuuza siyo kumpoteza, ila ya kwanza kaa nayo. Halafu wewe una bahati, mzee Edward Saidi Tingatinga ameanza 1968 na rangi za baiskeli, mpaka leo chui anarudiwa kila siku na hakuna anayelalamika. Mchoree mgeni Popi wa pili.

brashi_moja:
Hapo kwa Popi wa pili nimejaribu leo mkuu, sikio limetoka zima! Nimelitazama weee, nikitaka kulikata mkono unagoma, nikaona huyu si yeye, ni mbwa tu. Mama Zai shikamoo, hiyo ya tumbo imenigusa maana mimi nilikuwa nasema malaria.

chalii_wa_ngarenaro:
Sasa si huyo wa sikio zima ndo wa mzungu!! Yeye Popi anamjulia wapi

brashi_moja:
Hahaaa chalii umemaliza. Mzungu anarudi Jumamosi, namuonyesha huyo, msingi nimeweka bluu. Akikataa basi, kodi nitaitafuta kwa twiga. Ya njano nishaigongelea msumari juu ya mlango wa banda. Ila jamani atakayeona mbwa mweupe sikio nusu maeneo ya Kawe anishtue, hata saa nane usiku.