Miaka 4 ya digrii ya kompyuta, Git sijawahi kuonyeshwa!

Jamani nimeshindwa kulala acheni niseme. Mimi wa hapa Malindi, nimemaliza digrii ya kompyuta mwaka jana, chuo sikitaji. Mamangu anauza viazi karai, mkopo wa serikali ulifika nusu tu, karo iliyobaki imetoka kwenye karai lile. Juzi nikaitwa intavyuu na kampuni ya Nairobi, ya mtandaoni, nikaazima laptopu ya binamu nikaenda kukaa saiba maanake nyumbani neti inakatika. Kijana wa rika langu akaniambia kwa upole kabisa, nitumie linki ya Git nione kazi zako. Nikanyamaza. Git, ile programu ya kutunzia programu unazoandika na kila badiliko lake, ameitengeneza Linus Torvalds, yule wa Linux, tangu 2005, na mimi miaka 4 hakuna mwalimu hata mmoja aliyeitaja!

Mtihani wetu programu tunaandika kwa kalamu kwenye karatasi. Karatasi!! Ukisahau nukta mkato umekatwa maksi, na hiyo programu haijawahi kuendeshwa siku moja ikaonekana inafanya nini. Maabara ina kompyuta kama 30, zinazowaka 7, watu 5 kwa kioo kimoja, mmoja kashika kibodi sisi tunachungulia mabegani, na pesa ya maabara kila muhula iko kwenye risiti, ninazo zote. Ngomeni hapo jirani setilaiti ilirushwa kutoka baharini 1967, sisi leo tunagombania kibodi.

Na nyinyi wa "digrii haina maana, Bill Gates aliacha chuo" niacheni kabisa. Aliacha Harvard, na shuleni kwao waliwekewa mashine iliyounganishwa na kompyuta 1968, yeye bado mtoto. Mtoto wa Kisumu Ndogo hapa Malindi akiacha chuo anakwenda wapi? Matangazo ya kazi za serikali ninayoyaona yanataka digrii kwanza, bila hiyo barua yako hata haisomwi. Mimi karatasi ya digrii siikatai, nataka nilichokilipia, nifundishwe.

Sasa Git najifunza usiku kwa simu, bando likiisha nalala. Mama hajauliza tena intavyuu ilikwendaje, anaamka saa kumi anamenya viazi. Na mdogo wangu kapata barua, chuo kilekile, kozi ileile, nimeambiwa nimshauri. Mliosoma miaka hii ya karibuni, kuna chuo hapa Pwani mwanafunzi anakaa na kompyuta yake anaandika programu mwenyewe? Semeni leo, karo ya kwanza wanaitaka wiki ijayo.