Kusawazisha hazina mbili za Git ambazo zote zinaandikwa

Swali
Ndugu wataalamu, naomba mwongozo. Tuna hazina mbili za Git (programu inayotunza historia ya mabadiliko ya msimbo) zenye msimbo uleule: moja iko kwenye seva yetu ya ndani, nyingine inatunzwa na wabia wetu, ambao nao huandika humo. Niliweka kazi ya cron (kiratibu kinachoendesha amri kwa saa zilizopangwa) inayotekeleza git push --mirror kila saa kutoka kwetu kwenda kwao. Juzi tawi lao (mstari wao wa kazi ndani ya hazina) lenye kazi ya siku nne lilitoweka, na hakuna anayekiri kulifuta. Je, kosa ni la amri hii?

Jibu la kwanza
Aliyelifuta ni cron yako. Amri hiyo hunakili upande mmoja juu ya mwingine, kwa hiyo tawi au lebo (jina lililobandikwa kwenye hatua fulani ya msimbo) isiyokuwepo kwenu hufutwa kule, na tawi lililotofautiana hulazimishwa kufanana na lenu. Inafaa kwa nakala ya akiba ambayo haiandikwi na mtu yeyote, basi.

Simamisha cron kwanza, kisha mwombe aliyekuwa akilifanyia kazi tawi hilo alisukume upya kutoka kwenye kompyuta yake. Ikiwa hana tena kloni (nakala yake ya hazina), git fsck --lost-found ikiendeshwa ndani ya hazina ya seva yao inaweza kuonyesha komiti (mabadiliko yaliyohifadhiwa) zisizofikiwa na tawi lolote. Lakini msichelewe, maana kwa mpangilio wa kawaida git gc, amri ya kusafisha hazina, huzifuta zikipita wiki mbili. Reflogi (kumbukumbu ya mahali matawi yalipokuwa yakielekeza) msiitegemee, kwa kuwa katika hazina ya seva isiyo na faili za kazi kwa kawaida haiandikwi.

Jibu la pili
Ukishaokoa tawi, amueni nani mwenye neno la mwisho juu ya kila tawi. Sisi tuligawa hivi: main (tawi kuu) huandikwa kwetu tu, matawi yanayoanza na mbia/ huandikwa kwao tu, na skripti huvuta kutoka pande zote mbili kwa git fetch, kisha husukuma kila kundi kwenda upande wa pili bila --force, yaani bila kulazimisha. Git ikikataa kwa sababu historia zimeachana, skripti husimama na kumwarifu mtu, kwa kuwa kuunganisha ni kazi ya aliyesoma msimbo wa pande zote. Wapo wanaohamisha mabadiliko kwa cherry-pick, yaani kunakili komiti moja moja. Mimi siipendi, kwa sababu komiti iliyohamishwa hivyo hupata kitambulisho kipya, na baada ya muda inakuwa tabu kujua ipi imeshafika na ipi bado.

Kama mnatumia Git LFS (nyongeza inayotunza faili kubwa nje ya hazina yenyewe), kumbuka pia kwamba kloni ya --mirror hubeba viashiria tu. Faili zenyewe zinahitaji git lfs fetch --all, kisha git lfs push --all.

Muulizaji
Nashukuru sana. Mwenzetu wa upande wa pili alikuwa na kloni, na tawi limerudi lote. Limebaki moja: pande zote mbili zina lebo ya jina moja inayoelekeza komiti tofauti. Git itachagua ipi?

Jibu la pili
Haitachagua. Tangu toleo la 2.20, git fetch hukataa kubadilisha lebo iliyopo usipoilazimisha, na git push hukataa vilevile. Kubalianeni upande mmoja ubadilishe jina la lebo yake, na kila mwenye kloni aifute ile ya zamani, la sivyo anaweza kuisukuma tena.