GitHub inakataa nenosiri ninapopandisha msimbo

Swali

Habari zenu, wakuu. Tuko watatu tunaotengeneza mfumo wa mauzo wa duka la dawa kwa PHP, na hadi sasa tumekuwa tukitumiana folda nzima kwa WhatsApp, kiasi kwamba hatujui tena ipi ndiyo ya mwisho. Nimefungua ghala GitHub (tovuti ya kutunzia msimbo) na kuhifadhi toleo la kwanza kwa `git commit`, lakini kila nikiandika `git push -u origin main` naulizwa jina na nenosiri, kisha nakataliwa, ilhali nenosiri hilohilo linanifungulia tovuti. Naomba msaada.

Jibu la 1

Nenosiri lako halina tatizo. Tangu tarehe 13 Agosti 2021 GitHub haipokei nenosiri la akaunti kwa shughuli za Git, yaani programu inayotunza matoleo ya msimbo. Inataka tokeni (mfuatano wa siri unaotolewa na GitHub badala ya nenosiri) au ufunguo wa SSH (jozi ya mafaili inayokutambulisha), na kwa kompyuta ya kila siku mimi hupendelea ufunguo. Andika `ssh-keygen -t ed25519`, nawe utapata mafaili mawili ndani ya folda ya `.ssh`. Lile linaloishia na `.pub` lifungue, unakili mstari wake wote na kuubandika kwenye mipangilio ya akaunti. Lile jingine lisitoke kwenye mashine yako, hata kwa mwenzako wa karibu. Kisha badilisha anwani ya ghala, maana uliyoiweka bila shaka inaanza na `https`:

`git remote set-url origin git@github.com:jina-lako/duka.git`

Ukiandika `ssh -T git@github.com` ukasalimiwa kwa jina lako, njia imefunguka.

Jibu la 2

Kabla hujapandisha chochote, andika `git ls-files` usome orodha yote ya mafaili ambayo Git inayatunza. Mifumo ya namna hii huwa na faili la `.env` lenye nenosiri la hifadhidata. Ukilikuta, liandike kwenye `.gitignore` (orodha ya mafaili ambayo Git isiyaguse), uliondoe kwa `git rm --cached .env`, kisha urekebishe toleo la kwanza lenyewe kwa `git commit --amend`, kwa sababu ukilifuta katika toleo linalofuata tu, la kwanza litaendelea kulionyesha kwa yeyote atakayefungua historia. Kama lingekuwa limeshapanda, ningekushauri ubadilishe nenosiri lenyewe, hata ghala likiwa la faragha.

Muulizaji

Nashukuru sana. Kweli `.env` ilikuwamo, nimeiondoa, na msimbo umepanda. Je, wenzangu nao waanze na `git init`, yaani kila mmoja aanzishe ghala lake jipya?

Jibu la 2

Hapana. Waalike kwenye ghala, kila mmoja aweke ufunguo wake, kisha achukue nakala kwa `git clone` na kuhamishia humo mabadiliko aliyokuwa nayo kwenye folda ya zamani. Yeyote atakayekataliwa kwa kuwa mwenzake ametangulia kupandisha aanze na `git pull --rebase`, inayovuta kazi ya mwenzake na kuweka yake juu yake. Msizoee `--force` (kupandisha kwa nguvu), kwa kuwa hufuta kazi ya mwenzenu kwenye seva bila kumuuliza mtu.